Ziwa Jipe na Safari ya Maji Mpaka Pangani



Wahariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka waliniomba niandike historia ya Pangani, kwa kuwa familia nyingi zilizopo hapa Guangzhou zina asili ya huko au zina wakwe huko. Nimekubali, ila nimeomba ruhusa nianzie bara, kwenye ziwa. Mji wa Pangani umekaa mdomoni mwa mto, na maji ya mto ule hayakuzaliwa Pangani. Tena kuna maneno yanayosemwa katika mikusanyiko yetu kila Idi kuhusu ziwa hilo, maneno ya kulaumiana, nami nimeona afadhali yajibiwe kwa maandishi kuliko kwa sauti kubwa mbele ya sinia la pilau.

Watoto wetu wa hapa, ziwa wanalolijua ni Liuhua. Ni ziwa zuri, lina kisiwa chenye yangeyange wengi, na mimi mwenyewe hutembea pembeni yake baada ya sala ya alasiri. Lakini ziwa lile lilichimbwa na watu mwaka 1958, wakazi wa mji wakitumia majembe na mizega. Basi mtoto aliyekulia hapa ukimwambia "ziwa" hukuuliza ni nani aliyelichimba. Hana kosa.

Jipe hakulichimba mtu. Limelala katika bonde baina ya milima ya Upare ya Kaskazini na tambarare za Tsavo, kwenye mwinuko wa mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Urefu wake ni kama kilomita 12, upana kama kilomita tatu, na eneo lake lote ni karibu kilomita za mraba 30. Kina chake hakifiki mita tatu mahali pengi. Mtu mrefu akipanda mabegani mwa mwenziwe, kichwa chake kitakuwa juu ya maji. Msomaji aliyezoea kusikia habari za Nyanza na Tanganyika ataliona Jipe kuwa dimbwi. Nami nasema dimbwi hilo limetajwa kwa jina katika mikataba ya wafalme, na majeshi yamepigana jirani yake, jambo ambalo maziwa mengi makubwa hayakulipata.

Maji yake yanatoka pande mbili. Upande wa kwanza ni mto Lumi, unaoanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, ukapita Rombo, ukavuka kuingia Kenya, ukanywesha msitu na mashamba ya Taveta, ndipo ukamwaga ziwani. Upande wa pili ni vijito vinavyoteremka kutoka Usangi na Ugweno. Kisha ziwa nalo hutoa. Upande wa kaskazini, kwenye vinamasi, hutoka mto Ruvu, unaorudi Tanzania na kushuka hadi pale unapokutana na mto Kikuletwa unaotoka pande za Meru na Kilimanjaro. Kutoka hapo ni mto mmoja, unapita chini ya Upare na Usambara, unapita Korogwe na Hale, unafika baharini. Wenyeji wa juu wanauita Ruvu, na sisi wa mwisho tunauita Pangani. Watoto wasiuchanganye na ule Ruvu mwingine unaoishia karibu na Bagamoyo na kunywesha Dar es Salaam. Hiyo ni mito miwili yenye jina moja, kama akina Mwanahamisi wa mtaa mmoja.

Hesabuni wenyewe: maji yanazaliwa Tanzania, yanakwenda Kenya, yanapumzika ziwani, halafu yanarudi Tanzania. Hayakuonyesha pasipoti hata mara moja.

Wala jambo hili si geni kwa tunapoishi sasa. Mto Zhujiang unaopita katikati ya mji huu nao una ndugu zake wa mbali. Huko Yunnan kuna ziwa linaloitwa Fuxian, lenye kina cha zaidi ya mita 150, ambalo maji yake huteremkia mto Nanpan, na Nanpan ndio chanzo cha Xijiang. Tangu mwaka 2010 sehemu kubwa ya mji wa Guangzhou imekuwa ikipata maji kutoka Xijiang. Kwa hiyo mama anayejaza birika Xiaobei anategemea milima asiyoijua, sawasawa na mama wa Pangani.

Sasa nizungumze kidogo juu ya wakazi wa ziwa wasiokuwa watu. Viboko wapo tangu zamani, na mamba pia. Kandokando ya ziwa upande wa Kenya kuna hifadhi ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948 na baadaye kugawanywa Mashariki na Magharibi. Jipe limepakana na Tsavo Magharibi. Wakati wa kiangazi, mashimo ya maji yanapokauka porini, tembo, pundamilia, swala na nyati huja kunywa. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo katika Tsavo, na kutoka hapo watu walijifunza thamani ya maji yasiyokauka. Ndege ni wengi kupita kiasi: mwari, korongo, mdiria, na wale wadogo wenye vidole virefu wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba wako sakafuni. Yupo pia korongo mweusi, anayekunja mbawa zake mbele kama mwavuli ili apate kivuli cha kuvulia. Nimefundisha miaka mingi katika shule za Upare, na sijapata kuona mwanafunzi ambaye hakunyamaza akimwona ndege huyo kwa mara ya kwanza.

Na kuna perege wa Jipe. Huyu ni samaki wa bonde la Pangani tu, hapatikani kwingine duniani. Bi Rosemary Lowe, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alimwandika kitaalamu mwaka 1955 na kumpa jina la ziwa. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Wazee waliokula perege wa Jipe wa kuchoma kwa mkaa hawahitaji orodha kuambiwa hivyo. Wanajua kwa ukubwa wa samaki sokoni.

Tuje kwenye historia. Vitabu tulivyosomeshwa shuleni vilianza na Wazungu: Rebmann aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, Baron von der Decken na Thornton waliopita Jipe mwaka 1861, Charles New aliyefika Taveta mwaka 1871, na Joseph Thomson mwaka 1883. Hao wote walifika kweli. Lakini waliongozwa na nani? Waliongozwa na watu wa pwani waliokuwa wakiijua njia hiyo kama kiganja cha mkono. Misafara ilitoka Pangani, Tanga na Mombasa, ikabeba nguo, shanga na waya, ikarudi na pembe. Taveta ilikuwa kituo cha kupumzika, kwa sababu msitu wake ulikuwa salama, ndizi zilikuwa tele, na maji ya Lumi hayakupungua. Kutoka pale wengine walipanda kwa Wachaga na wengine waliingia nchi ya Wamasai. Mashuhuri katika viongozi hao alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyesafiri na Thomson, na baadaye akamwongoza Mhangari Teleki mwaka 1887 na 1888 mpaka kwenye ziwa kubwa la kaskazini tunaloliita leo Turkana. Teleki aliandikwa kuwa ndiye aliyelivumbua. Jumbe Kimameta aliandikwa kuwa mtu wake.

Pamoja na fahari hiyo, hapana budi kusema na upande wa pili. Njia ile ile ilipitisha watumwa. Zimo familia zetu zenye damu ya aliyefunga na damu ya aliyefungwa katika nyumba moja, na sioni faida ya kuwaficha watoto jambo ambalo mababu zao walilitembea kwa miguu.

Mwaka 1885 Sayyid Barghash wa Unguja alimpeleka Jenerali Mathews mpaka Kilimanjaro na Taveta kupandisha bendera yake, ili kuwazuia Wajerumani. Haikusaidia. Mwezi wa Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana wenyewe kwa wenyewe. Walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba ukaelekea moja kwa moja Ziwa Jipe, ukapita upande wa mashariki wa ziwa, ukazunguka kaskazini yake, ukavuka Lumi, halafu ukapita baina ya Taveta na Uchaga. Mwaka 1890 wakayarudia hayo. Baadaye mstari ulirekebishwa, na leo mpaka unakata majini, sehemu ya ziwa ni Kenya na sehemu ni Tanzania.

Hapa nikatishe kidogo. Mmesikia hadithi kuwa mpaka ulipindishwa Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaiser ule mlima siku ya kuzaliwa. Hata walimu wameifundisha. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alishika ufalme mwaka 1888, na mpaka ulikwisha kuchorwa 1886. Waliochora walikuwa makarani wenye ramani mbovu na wafanyabiashara wenye tamaa nzuri. Walihitaji alama ambayo kila mmoja angeweza kuikubali akiwa Ulaya, na ziwa lilikuwa tayari limo ramanini. Ndivyo Jipe lilivyogeuka kigingi.

Kigingi hicho kilidumu kimya miaka 28. Agosti 1914 Wajerumani walivuka na kuiteka Taveta, na waliishika mpaka Machi 1916. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, kati ya Taveta na Voi, wakarudishwa nyuma vibaya. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alileta jeshi kubwa zaidi, wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata usiku wa tarehe 11 na 12 Machi, na jeshi la von Lettow-Vorbeck likarudi nyuma. Tarehe 21 wakapigana tena Kahe. Baadaye vita vikaufuata mto, kuteremka bonde la Pangani, njia ile ile ya misafara kwa kinyumenyume.

Majina ya majenerali yanajulikana. Waliobeba unga, risasi na maji hawana makaburi yenye majina. Upande wa Waingereza pekee wapagazi zaidi ya 40,000 walihesabiwa kufa katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Kila aliyenunua kitu Kariakoo ya Dar es Salaam, au Kariokor ya Nairobi, amelitaja jina la kikosi chao bila kujua.

Tuje kwenye mikonge. Upande wa Taveta Bwana Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kutembea kutoka Rasi mpaka Kairo, alimiliki ardhi kubwa na kujenga jumba juu ya kilima ambalo bado lipo. Upande wa chini, mashamba ya Korogwe na Hale yalijaa watu kutoka kila pembe. Wengi wetu tuna babu aliyekata mkonge, wala sitaeleza mkonge kwa watu walioujua kwa vidonda vya mikono.

Kisha ukaja umeme. Pale Ruvu inapokutana na Kikuletwa serikali ya Tanzania ilijenga bwawa la Nyumba ya Mungu, likamalizika mwishoni mwa miaka ya 1960. Mitambo ya Hale ilikuwa imeanza mwaka 1964 kutoa megawati 21, Nyumba ya Mungu ikaongeza 8, na mitambo mipya ya Maporomoko ya Pangani ikaongeza 68 mwaka 1995. Bwawani samaki walifurika katika miaka ya mwanzo hata wavuvi wakahamia kutoka mbali, halafu wakapungua sana. Lakini jambo la kukumbuka ni hili: taa ya Tanga ilikuwa ikiwaka kwa maji, na sehemu ya maji hayo yalilala Jipe.

Nafika sasa kwenye miaka inayotugusa wenyewe. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya mapatano ya Arusha juu ya kugawana mali ya Jumuiya. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari ulipofungwa, na nilikuwa nimekwisha kuanza kazi ulipofunguliwa. Shangazi yangu aliolewa Taveta. Kutoka shuleni kwetu juu ya mlima niliweza kuyaona maji ya ziwa yaking'aa na tambarare ya upande wake, na sikuweza kwenda. Wapo waliovuka kwa njia za panya, wengine kwa mitumbwi ndani ya matete, kwa kuchelea viboko na askari kwa pamoja. Baba yangu hakuwa mtu wa njia hizo. Shangazi alipofariki, Mungu amrehemu, habari ilitufikia arobaini imekwisha pita. Baba alisoma khitma peke yake na jirani wawili. Si sisi tu. Nikitazama majina ya familia zilizomo kitabuni humu, naweza kuhesabu nne zilizopatwa na mambo kama hayo.

Ziwa lenyewe halikufungwa. Lumi liliendelea kuingia na Ruvu liliendelea kutoka.

Lakini miongo hii ziwa linazibwa na kitu kingine. Matete na mafunjo yamejaa, yamefunika sehemu kubwa ya ukingo na kuziba pale Ruvu inapotokea. Na hapa ndipo penye lile jambo la kulaumiana. Ndugu zetu wa Taveta husema Wapare wamekata miti mlimani, udongo umeteremka ziwani. Ndugu zetu wa Mwanga na Usangi hujibu kuwa Taveta wamemaliza maji ya Lumi kwa mifereji ya mashamba, na mifugo imekanyaga kingo. Sisi wa Pangani hukaa pembeni tukisema wa juu wote ni waharibifu, wakati huo huo tukila mchele wa mashamba yanayonyweshwa na mto huo na kuwasha taa zake.

Nimefundisha jiografia, kwa hiyo nieleze kama ubaoni. Mlima ukivuliwa miti, mvua hubeba udongo. Udongo ukifika kwenye ziwa la mita tatu, ziwa hujaa haraka, tofauti na Fuxian ambalo lingeweza kumeza udongo miaka elfu. Pakiwa na kina kifupi, matete hupata mizizi. Matete yakisimama, hushika udongo zaidi, nao huleta matete zaidi. Mlango wa mto ukizibwa, maji hutandaa vinamasini na kukauka kwa jua, chumvi ikabaki, na samaki wakaona taabu. Wakati huo huo juu ya Lumi kila mtu huchepusha kidogo. Hakuna aliyechukua kingi. Wote wanaolaumiwa kila Idi wamo katika hesabu hiyo, na kila mmoja ana haki anapomtaja mwenziwe.

Wazee wa Upare walikuwa na ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yagawanywe asubuhi kwa zamu, na Wachaga walikuwa na mifongo yao yenye wazee wa kusimamia. Aliyeiba zamu alitozwa faini. Sisemi turudi huko. Idadi ya watu siyo ile. Nasema tu kwamba kugawana maji kwa sheria si elimu ya kuletewa na wageni, na kilichokosekana Jipe ni mtu wa kusimamia zamu inayovuka mpaka. Serikali mbili zimekutana mara kadhaa juu ya ziwa hili, na wavuvi wa pande zote mbili wamekata matete kwa mapanga. Matete hurudi.

Mwisho wa mto dalili inaonekana. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda. Watu wa Pangani na vijiji vya juu yake wameyaona maji ya chumvi yakiingia ndani kuliko zamani, na minazi na mashamba ya kingoni yakapata hasara. Mwenye shamba Pangani akionja chumvi kisimani, sehemu ya sababu iko kilomita mamia juu yake, kwenye matete.

Kwa familia zitakazokwenda nyumbani likizo ijayo na kutaka kuwaonyesha watoto: kutoka Moshi shikeni barabara ya Tanga, na Kifaru ndipo pa kuulizia njia ya ziwani. Wa upande wa Kenya wapitie Taveta. Ukitaka kuliona lote kwa pamoja, panda Ugweno au Usangi asubuhi kabla ya ukungu wa joto. Wenye picha za zamani za ziwa, hasa za kabla ya 1977, wawape wahariri ili zichapishwe kitabu kijacho, kwani zitatuonyesha maji yalikuwa yakifika wapi. Na mtoto asiachwe ukingoni baada ya magharibi. Kiboko hutoka kula majani saa hiyo, wala hana desturi ya kupiga hodi.